Chapecoense au Bragantino: timu ipi ya kushabikia?

Wapenzi wa soka la Brazil waliozichoka Flamengo na Palmeiras huuliza sana: kati ya klabu za miji midogo, twende na ipi?

Kwa umri na mataji ya zamani, Bragantino iko mbele. Ilianzishwa 1928 mjini Bragança Paulista, ikatwaa ubingwa wa jimbo la São Paulo mwaka 1990 chini ya kocha Vanderlei Luxemburgo, na 1991 ikacheza fainali ya ligi kuu. Pesa pia ni zake: kampuni ya vinywaji ya Red Bull iliingia 2019, timu ikapanda, na 2021 ikafika fainali ya Copa Sudamericana, kombe la klabu za Amerika Kusini.

Chapecoense ya mji wa Chapecó, iliyoanzishwa 1973, haina mfuko huo. Ilipanda kutoka daraja la nne hadi ligi kuu kati ya 2009 na 2014, kisha ikashuka 2019, ikapanda, ikashuka tena 2021. Presha tupu!

Kwenye utambulisho, naegemea Chapecó. Rangi zake za kijani na nyeupe hazijaguswa, ilhali Bragantino imevaa jina na nembo ya kampuni. Tarehe 28 Novemba 2016 ndege ya Chapecoense ilianguka karibu na Medellín, Kolombia, ikielekea fainali ya Copa Sudamericana. Watu 71 walifariki. Wapinzani wao, Atlético Nacional, wakaomba kombe lipewe Chapecoense, na ikawa hivyo. Mji mzima uliomboleza ndani ya uwanja wa klabu, Arena Condá, kwenye mvua.

Ukitaka vijana wenye vipaji na bajeti ya uhakika, chukua Bragantino. Ukiweza kuvumilia kushuka daraja, Chapecoense inakungoja.