Injini tano za kutafuta na jani moja la nyanya: uzoefu wangu

Mzee mmoja aliingia dukani kabla sijamaliza kupanga mabomba ya kupulizia dawa mlangoni. "Kamwene, mwanangu." Nikamwitikia. Akatoa mfukoni jani la nyanya lililofungwa kwenye kipande cha gazeti, akalikunjua juu ya kaunta. Lilikuwa na mabaka meupe kama limemwagiwa maji ya moto, na ukiliinua kwenye mwanga unamwona funza mdogo wa kijani amelala ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ya chini. "Hebu niangalizie kwenye simu yako. Ni kantangaze au ni kitu kingine?" Kantangaze ni mdudu anayeshambulia nyanya.

Nauza pembejeo Ilula, Iringa, mahali ambapo matenga ya nyanya hupangwa kando ya barabara kuu. Maswali ya namna hii ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kwa miezi mitatu nimekuwa nikilipeleka kila swali la mteja kwenye injini tano za kutafuta: Google, Bing, DuckDuckGo, Ecosia na Brave. Nilitaka kujua ipi inanifikisha kwenye jibu la kuaminika kwa bando dogo.

Jambo la kwanza nililolibaini ni kwamba injini ni tano lakini visima si vitano. DuckDuckGo, iliyoanza Marekani mwaka 2008, huchota sehemu kubwa ya matokeo yake kwa Bing ya Microsoft. Ecosia ya Berlin huchota kwa Bing na kwa Google. Brave, iliyofungua huduma yake ya kutafuta mwaka 2021, ndiyo iliyojitahidi kujijengea faharasa yake yenyewe, yaani orodha yake ya kurasa za mtandao. Kwa hiyo ukikosa kitu Bing ukakimbilia DuckDuckGo, mara nyingi umebadilisha ndoo tu. Laiti ningelijua hilo mapema, ningeokoa bando la wiki mbili za mwanzo.

Kwa Kiswahili, Google inaongoza, na nasema hivyo baada ya kupima maneno mengi. Tatizo la lugha yetu ni kwamba mdudu mmoja ana majina matatu: wakulima wanamwita kantangaze, wengine kanitangaze, na wataalamu wanaandika Tuta absoluta. Google ilinipa kurasa za Kiswahili kwa jina la mkulima, na ilinipa pia video za mabwana shamba kwenye YouTube, ambayo ni mali yake. Nikapiga picha lile jani kwa Google Lens, na picha zilizokuja za kwanza zilikuwa na mabaka yaleyale. Mzee aliinama akazitazama moja moja, kidole chake kikifuata njia za funza kwenye kioo. "Ndiye huyuhuyu," akasema.

Hata hivyo kuna jambo lililonitia hofu, nami nalisema kwa uzito kwa sababu linagusa afya za watu. Injini moja, ambayo sitaitaja, iliniwekea juu kabisa muhtasari ulioandikwa na akili mnemba. Ulitaja mililita kadhaa kwa bomba la lita 16 bila kusema ni za dawa ipi. Siku nyingine muhtasari wa namna hiyohiyo uliichukua "nyanya" kwa maana ya bibi, kama wanavyosema ndugu zetu wa Kenya, ukanipa ushauri wa kumtunza mzee mwenye homa. La bibi halimdhuru mtu. La dawa lingeweza kuunguza shamba zima, au dawa ingemfikia mlaji ikiwa bado kwenye tunda. Tangu hapo kipimo nasoma kwenye lebo ya chupa tu, na kwenye Google nabonyeza chujio linaloonyesha kurasa za wavuti peke yake, lililoanza mwaka 2024, ili nione vyanzo wala si muhtasari.

Kinachonisaidia zaidi ya yote ni alama ndogo ambayo wengi hawaijui. Naandika: kantangaze nyanya site:go.tz. Hapo zinabaki kurasa za serikali ya Tanzania peke yake, na matangazo ya wauza dawa yanapungua sana. Alama hiyo inafanya kazi Google, Bing na DuckDuckGo.

Bing naitumia kidogo. Ni nzuri kwa Kiingereza na kurasa zake za picha ni pana, lakini sina la ziada.

DuckDuckGo nimeipa kazi maalumu. Simu ya dukani inashikwa na watu wengi, na kuna wateja, hasa akina dada, wanaoniomba niwatafutie mambo ya afya ambayo hawataki yaonekane na mtu mwingine. Kampuni inasema haiweki historia ya kile mtu anachokitafuta, nami kwa swali la mtu mwingine naona huo ni wajibu. Na matokeo yakiwa haba, naongeza !g mbele ya swali, inanipeleka Google moja kwa moja bila kuandika upya. Ila ukishavuka upo Google, kwa hiyo kwa maswali ya siri sifanyi hivyo.

Ecosia ipo kwenye kompyuta ya watoto nyumbani. Faida ya matangazo yake hupandia miti, zaidi ya milioni 200 hadi sasa, na hutoa hesabu zake za fedha hadharani kila mwezi. Kwa sisi tuliokwisha kuona vijito vikikauka, hiyo si sababu ndogo. Brave nairudia pale ambapo hizi nyingine zote zinanipa kurasa zilezile kumi, kwa kuwa kisima chake ni kingine.

Mzee aliondoka na mitego miwili ya harufu ya kunasia nondo (vipepeo wa mdudu huyo) wa kiume, pamoja na namba ya bwana shamba wa kata. Jani aliniachia. Nimelibandika ukutani kwa gundi ya karatasi, na chini yake nimeandika majina yote matatu kwa kalamu nene, ili atakayekuja na swali lilelile ajue cha kuandika kwenye simu yake mwenyewe.