Mifuko ya kolostomi kwa mtoto mchanga: uzoefu wangu Kisumu

Nyota moja. Ndivyo nilivyopanga kuipa mifuko hii, na kama kungekuwa na sifuri ningeiweka hiyo. Ila nimeanza kuandika na tayari naona nampiga punda kwa kosa la mwenye mkokoteni. Nivumilieni, huenda nikageuza maneno kabla sijafika chini.

Kwa asiyejua: kuna watoto wanaozaliwa bila njia ya haja kubwa, karibu mmoja katika kila 5,000. Wetu ni mmoja wao. Kwa mvulana mara nyingi utumbo umeishia ndani, na kuna kijinjia chembamba kinachouunganisha na mrija wa mkojo, ndiyo maana wengine hukojoa mkojo wenye ukijani. Daktari husubiri kama saa 24 aone choo cheusi cha kwanza kitatokea wapi. Muda huo mtoto hanyonyi. Yuko kwenye dripu, na ana mpira puani wa kupunguza hewa tumboni. Kisha anafanyiwa kolostomi: utumbo mpana unakatwa na ncha zake mbili zinatolewa nje, upande wa kushoto wa tumbo. Kinyama chekundu chenye unyevu kinachochungulia hapo ndiyo stoma. Ya juu inatoa choo, na mfuko hubandikwa tumboni kwa gundi ili kukipokea. Ya chini inatoa ute tu. Ikumbuke hiyo ya chini, nitairudia nikiwa na hasira zaidi.

Upasuaji sina neno nao. Daktari alituchorea utumbo mzima nyuma ya fomu ya maabara, akaeleza kwamba ni operesheni tatu: hii ya kwanza, ya pili ya kutengeneza njia, ya tatu ya kurudisha utumbo ndani. Akaagiza moyo upigwe picha, figo zipigwe ultrasaundi, na uti wa mgongo uangaliwe, kwa sababu tatizo hili hupenda kuja na mengine. Kazi safi. Kilichonitoa jasho ni meza ya ruhusa, pale unapoachiliwa kwenda nyumbani.

Sista alifungua droo, akatoa mifuko miwili, akaiweka juu ya risiti ya bili kama mtu anayerudisha chenji. Nikamuuliza tundu linakatwa ukubwa gani.

"Baba, hii hata mtoto wa darasa la tatu anaweza. Tupisheni, kuna mama anangoja kitanda."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yote. Na mifuko yenyewe ilikuwa ya watu wazima.

Mfuko wa mtu mzima una duara la gundi linalokula karibu tumbo zima la mtoto wa kilo tatu. Ukiubandika, ukingo mmoja unapanda kitovuni na mwingine unashuka kwenye kinena. Mtoto akikunja paja mara moja tu, gundi inainuka na choo kinapita chini yake. Kikishapita, bonyeza utakavyo, haushiki tena. Wetu ulibanduka kabla matatu haijatoka steji.

Wa pili ukadumu saa chache. Hapo kosa likawa letu, au tuseme la kutoambiwa. Tulikuwa tumempaka mafuta ya mgando kuzunguka stoma asichubuke, kama ambavyo nyanya yeyote angetuambia tufanye. Gundi haishiki kwenye mafuta. Haishiki kwenye krimu ya zinki wala kwenye poda ya manukato, na zile tishu zenye maji za kupangusia watoto nyingi zina mafuta ndani, kwa hiyo unadhani umesafisha kumbe umepaka. Kinachotakiwa ni maji ya uvuguvugu na kitambaa laini cha pamba, basi. Halafu ngozi ikauke, na ikauke kweli, kwa kugusagusa wala si kusugua. Stoma ikitoa tone la damu ukiipangusa usiruke, ina mishipa mingi ya damu na yenyewe haisikii maumivu. Mtoto akilia ujue ni ngozi ya pembeni inayomuuma, au ni baridi ya maji.

Haya yote nilifundishwa na mama mmoja wa Siaya kwenye benchi la kliniki, dakika kumi tu, mtoto wake mapajani. Hana yunifomu, hana mshahara wa kaunti.

Tundu la mfuko liizidi stoma kwa milimita 2 hadi 3. Likibana, ukingo unaikwaruza stoma kila mtoto anapopumua. Likipwaya, choo kinakaa juu ya ngozi na ngozi inaungua. Usikate kwa kukisia. Chukua kipande cha boksi la dawa, toboa duara, lijaribishe juu ya stoma, ongeza kidogo kidogo mpaka lizunguke bila kugusa, kisha ndipo ulichore kwenye karatasi ya nyuma ya gundi. Mkasi mdogo uliopinda ndio unaofaa. Ukimaliza kukata, pitisha kidole ukingoni kuua ncha kali. Pima upya kila wiki, kwa sababu stoma huwa imevimba baada ya operesheni na hunywea katika wiki sita hadi nane za kwanza. Kipimo kilichofaa wiki ya kwanza, wiki ya nne kinaacha pete ya ngozi wazi, na ni pete hiyo inayogeuka kidonda.

Badilisha asubuhi kabla hajanyonya, maana akishanyonya tu utumbo unaamka na utachafuliwa mikono katikati ya kazi. Uweke mfuko kwapani dakika mbili tatu gundi ipate joto, ubandike, kisha uufunike kwa kiganja kwa dakika nzima. Mtoto mchanga hasimami, kwa hiyo mfuko uelekezwe ubavuni. Ukielekea miguuni utaingia ndani ya nepi, na kila unapobadilisha nepi unauvuta. Mwaga ukijaa theluthi, na hewa pia uitoe, kwa sababu mfuko uliofura ni kama puto, unajibandua wenyewe usiku.

Habari ya joto: watu wa Molo huko Nakuru, kwenye baridi, ndio watahitaji kwapa. Kisumu shida ni kinyume chake. Nyumba ya mabati saa nane mchana, mifuko iko juu ya kabati, gundi inalainika ikiwa bado ndani ya boksi na haitashika hata ukisali. Iweke chini, mbali na paa. Na nunua moja moja kwanza. Kemisti nyingi zitakusukumia boksi zima la saizi isiyofaa, na likishafunguliwa halirudi.

Sasa ile stoma ya chini.

Mfuko wa mtu mzima haufuniki moja. Unazifunika zote mbili. Choo kikitoka ya juu kinazunguka ndani ya mfuko na kuingia ya chini, kinateremka kwenye kipande cha utumbo kisicho na mlango, kinajaa huko, na kupitia kile kijinjia kinafika kwenye njia ya mkojo. Daktari ametenganisha ncha hizo mbili makusudi, ameacha ngozi katikati makusudi, ili moja ivae mfuko na nyingine ifunikwe kwa kipande cha shashi tu. Yule sista, kwa mkono mmoja na bila kuinua macho, alikuwa anatupa njia ya kuifuta kazi hiyo yote. Mtoto akipata homa na mkojo wa kunuka, mzazi ndiye ataulizwa anamwogesha na maji gani. Hapa ndipo naandika kwa herufi ndogo lakini moyoni ni kubwa.

Kwa hiyo mifuko haina kosa? Midogo ya watoto, iliyokatwa vizuri, ilitukalia siku mbili hadi tatu kila mmoja. Hiyo ni nyota nne. Nakubali.

Lakini ngoja. Baada ya hapo tukaishiwa, tukaenda kliniki tukidhani tutagombezwa, na daktari akasema kitu ambacho kingetuokolea pesa zote hizo: kwa kolostomi ya utumbo mpana, mtoto mdogo anaweza kukaa bila mfuko kabisa. Choo cha huko ni kizito kidogo, hakina makali kama cha utumbo mwembamba. Unaweka shashi yenye vaselini juu ya stoma, unafunga nepi juu kuliko kawaida ifunike hapo, au unakunja kitambaa cha pamba na kukizungushia mkanda wa leso kuukuu, usiobana. Leso iliyofuliwa miaka mitano ni laini kuliko chochote kinachouzwa soko la Kibuye. Unabadilisha kila akichafua, unasafisha kwa maji, na hapa sasa krimu ya zinki inaruhusiwa, paka safu nene. Shashi ya stoma ya chini iwe ya peke yake, kavu, ibadilishwe kila mara.

Yaani kwa wiki kadhaa nilikuwa nasaka mifuko Kondele hadi mjini, kumbe leso ya mama mkwe ingetosha. Nyota tatu basi. Mfuko unafaa ukiwa na safari ndefu, ukiwa kanisani, au ngozi ikiwa imeshaharibika na unataka choo kisiiguse. Nyumbani, leso. Hayo ni ya kolostomi lakini. Ambaye stoma yake ni ya utumbo mwembamba asiache mfuko, choo chake ni maji na kinachoma ngozi haraka.

Ngozi ikiwa nyekundu tupu, ni choo au gundi. Ikiwa nyekundu yenye vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni, mara nyingi ni fangasi, na zinki haitaiponya, inataka dawa ya fangasi kutoka kliniki. Stoma ikigeuka zambarau au nyeusi, nenda usiku huohuo. Tumbo likijaa, choo na hewa vimekata, na anatapika kijani, nenda usiku huohuo. Utumbo ukitokeza mrefu kama kidole kuliko ilivyokuwa, ufunike kwa kitambaa kisafi chenye unyevu, usiusukume, panda boda. Akiharisha, usingoje utosi ubonyee: nyonyesha zaidi na umpeleke.

Msitoke wodini bila ripoti ya operesheni iliyoandika aina ya tatizo na mahali stoma zilipotolewa, kwa sababu kabla ya operesheni ya pili dawa ya picha husukumwa kupitia stoma ya chini ili eksirei ionyeshe kile kijinjia kinaingia wapi. Bila picha hiyo daktari anapasua kwa kubahatisha. Na tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF kwenye bima ya afya ya taifa mnamo Oktoba 2024, jambo la mzazi kukimbilia mapema ni kumwongeza mtoto kwenye usajili wake akiwa na karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Mifuko sisi tuliilipia taslimu.

Operesheni ya pili hupita nyuma, katikati kabisa ya makalio, kwa mtindo ambao Alberto Peña na Pieter de Vries waliuchapisha mwaka 1982. Karibu wiki mbili baadaye mzazi anaanza kupanua njia mpya kwa vyuma vya Hegar, mara mbili kwa siku, jeli ya kutosha, magoti ya mtoto yamekunjwa kifuani, chuma kiingie polepole kikae kidogo kitoke. Namba ya chuma ni milimita za unene wake. Mtoto wa mwezi 1 hadi 4 analengwa 12, wa miezi 4 hadi 8 analengwa 13, wa 8 hadi 12 analengwa 14, na hupandishwa namba moja kwa wiki. Ukiruka wiki mbili kovu linajifunga na unaanza upya, au unarudi chumba cha upasuaji. Namba ikifikiwa ndipo kolostomi inafungwa, na siku zinazofuata makalio ambayo hayajawahi kuguswa na choo yanababuka vibaya sana. Krimu ya zinki ipakwe kabla ya choo cha kwanza, usingoje uone wekundu.

Narudi kwenye meza ile. Naambiwa zamu hiyo walikuwa wauguzi wawili kwa wodi nzima, na kwamba mifuko ya watoto haijawahi kuletwa, wanatoa kilichopo. Haya, naelewa. Nikiwa nimelala vizuri naelewa kabisa. Sista angeweza kusema hivyohivyo: "Baba, hii ni ya wakubwa, ya watoto hatuna, funga leso." Sentensi moja, fupi kuliko ile ya darasa la tatu. Kwa hiyo meza ya ruhusa nyota moja, na ningekuwa na njia ya kuipa ile droo nyota yake tofauti ningeinyima.

Mifuko midogo mitatu imebaki kabatini, rafu ya chini, tundu bado halijakatwa. Kama mtoto wako yuko wodini hapa Kisumu na umepewa ya watu wazima, niandikie hapa chini. Nitaileta, na mkasi.