Siku moja Kolo na mwongozaji anayejua kunyamaza

Mimi ni mchora mabango hapa Dodoma mjini, upande wa Majengo, na brashi nimeishika kwa miaka 19. Muda wote huo michoro ya kale ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, nilikuwa naipita tu, nikiwa ndani ya basi la Babati. Mwezi uliopita nikajiandikisha kwa vijana fulani wanaoandaa mazungumzo ya historia ya sanaa Ijumaa jioni, halafu Jumamosi wanawapeleka watu Kondoa. Nililipa shilingi 60,000, usafiri na chakula cha mchana humo humo. Wengi wameniuliza kama pesa hiyo ina thamani. Safari inayo, tena sana. Mazungumzo ya Ijumaa bado yanahitaji kazi.

Niyamalize hayo kwanza. Projekta ilikuwa dhaifu na taa za ukumbi hazikuzimwa, kwa hiyo nyekundu ya miambani ikatokea ukutani kama kanga iliyofuliwa mara mia. Msemaji alitusomea maandishi ambayo wote tulikuwa tunayaona. Nilichoondoka nacho ni kwamba eneo lilianza kulindwa kisheria mwaka 1937, likaingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, lina kilomita za mraba 2,336 na mapango ya michoro zaidi ya 150. Karatasi moja ingetosha. Mama mmoja akauliza waliochora walikuwa akina nani, akajibiwa asubiri kesho.

Kesho yake tuliondoka saa 12 asubuhi kwa kosta. Lami ni nzuri mpaka Kolo, na saa 4 haijafika tulikuwa tumeshajiandikisha na kulipa kiingilio katika ofisi ya Mambo ya Kale pale kijijini. Hapo ndipo akaungana nasi mwongozaji wetu, mzee wa Kirangi aliyezaliwa maeneo yale yale. Tukamwamkia, akaitikia, akaangalia viatu vyetu kimoja kimoja. Alikuwa na sababu, maana mwisho wa njia ya gari kuna mlima wa kupanda kwa miguu na mawe yake yanateleza.

Tunaita mapango, lakini ni miamba iliyoinama mbele kama baraza, na ukuta wa ndani haupigwi na mvua. Tulipofika wa kwanza, kila mtu akihema, mzee akasema, "Dakika kumi sitasema neno. Angalieni." Akakaa juu ya jiwe.

Sijawahi kupewa zawadi kama hiyo na mtu anayelipwa kuongea. Dakika mbili za mwanzo niliona madoa mekundu tu. Jicho likazoea, akatoka twiga. Kisha pofu, shingo nene na pembe zake zimenyooka. Kisha watu, warefu wembamba, wengine vichwa vimefumuka kama nywele zilizosimama, na mwili wa mmoja umejazwa mistari myembamba iliyoshuka sambamba. Wanaochora wanielewe hapa: mstari mwembamba wa mkono mmoja, usiotetereka, juu ya jiwe lenye vipele. Mimi bango nalipiga msasa kwanza, nalipaka rangi ya chini, napiga mstari wa chaki, na bado natetereka.

Muda ulipokwisha akanigeukia. "Fundi, umeona nini?" Nikamwambia kwamba nyeupe ipo juu ya nyekundu kila zinapokutana, kwa hiyo nyekundu ilitangulia. Akafurahi kweli, akaanzia hapo hapo. Nyekundu inahesabiwa kuwa ya wawindaji na waokota matunda, na wengi huihusisha na mababu wa Wasandawe, ambao leo wako upande wa Kwa Mtoro, na Wahadzabe. Nyeupe ni ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye, nayo mara nyingi imepakwa kwa kidole, ndiyo maana mistari yake ni minene. Yule mama wa Ijumaa alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Nyekundu hiyo inatokana na mawe yenye chuma, yaliyosagwa. Oksaidi ya chuma haichujuki kwa jua. Nyekundu za bei rahisi tunazonunua madukani zinakufa ndani ya miaka miwili kwa jua hili la Dodoma, na mteja anarudi kulalamika.

Kuna picha moja ya watu wamemshika mwenzao katikati. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyekuja kunakili michoro hii mwaka 1951, aliona ni mtu anatekwa. Wengine baadaye wameona ni mtu aliyepandisha katika ngoma, wenzake wanamshikilia asianguke. Mzee alitupa zote mbili akatuachia. Nilimheshimu zaidi kwa hilo.

Tulipofika kwenye miamba inayoitwa Mungomi wa Kolo, mzee alibadilika. Alituomba tushushe sauti, kwa sababu pale watu bado wanakuja kutambika, kuomba mvua na kuomba uponyaji. Alituonyesha pia mashimo yaliyochimbwa na watu wanaotafuta hazina wanayoamini Wajerumani waliificha. Kijana mmoja wa kundi letu alitaka kumwagia mchoro maji ili ung'ae kwenye picha. Mzee alimshika mkono taratibu, akamweleza kuwa maji yanaharibu.

Kutoka juu unaona makorongo yaliyokula ardhi ya Kondoa. Mradi wa kuokoa udongo, HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma), ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikahamishwa yote ili udongo upumue. Mzee alikuwa mchungaji mdogo wakati huo, anakumbuka siku ng'ombe wa baba yake walipoondoka. Haikuwa kwenye ratiba. Ningekubali kulipia hadithi hiyo peke yake.

Sasa waandaaji wanisikilize. Tulikuwa watu 31 kwenye baraza la jiwe linalotosha watu 12. Wa nyuma hawakusikia kitu, na mabegi ya mgongoni yalikuwa yanakaribia kabisa kuta zenye michoro. Gawanyeni makundi, mabegi yabaki chini. Chakula nacho, ugali na kuku wa kienyeji, kilikuwa kitamu lakini kilifika saa 10 jioni, na tulikuwa na watoto wawili. Na huyo mzee mpeni jioni ya Ijumaa pia, hahitaji projekta.

Ukienda, vaa suruali ndefu na beba maji ya kunywa lita mbili.

Wana safari nyingine ya Pahi, kwenye michoro myeupe. Nimeshalipia nafasi mbili, yangu na ya kijana ninayemfundisha kazi. Nimemwambia simu aiache kwenye gari, abebe penseli.