Bango la kisiasa: karakana moja au faili la barua pepe?

Mei 1968, wanafunzi na wasanii wa Paris waliikalia École des Beaux-Arts, chuo cha sanaa, na kuanzisha Atelier Populaire, yaani "karakana ya umma", ya kutengeneza mabango. Mchoro uliletwa mbele ya mkutano, ukajadiliwa, na ukikubaliwa ukachapwa kwa skrini ya hariri, yaani kitambaa kinachopitisha wino hadi kwenye karatasi. Mabango hayakutiwa saini ya mtu.

Hiyo ndiyo nguvu ya karakana: mabishano hutangulia wino. Mmoja anavuta wino juu ya skrini, mwingine anatoa karatasi, wa tatu anaianika kwenye kamba. Katikati ya kazi mtu husema, "Neno hili litawaumiza wenzetu," nalo linabadilishwa. Ila ni lazima muwe mahali pamoja, na mahali hufungwa: polisi waliwatoa mle Juni mwaka uleule.

Barua pepe haina mlango wa kuvunjwa. Mchoro unatumwa asubuhi, na kabla ya jioni umechapwa katika miji kadhaa, kila kundi likiweka lugha yake. Kwa wanaharakati waliotawanyika, hili ni jambo kubwa sana. Hata hivyo, faili hubadilishwa bila kuulizana, na ujumbe huacha alama za nani alimtumia nani, lini. Bango lililobandikwa usiku halimtaji aliyelibandika.

Ningekuwa na wenzangu mbali, ningejadili rasimu kwa mtandao, lakini kila kundi lichape kwa mikono yake. Penye hatari ya kukamatwa, naichagua karakana bila kusita, hata kama mabango yatakuwa machache.