Modemu ya laptopu kwa mkazi wa Moshi: anza na simu used

Kwa wazazi wangu Kibosho mtandao unakaa dirishani. Ukisogea hatua tatu kuelekea jikoni 4G inageuka H (3G), ukiketi mezani inabaki E (2G), na kwa E kutuma faili moja la hesabu za duka ni shughuli ya asubuhi nzima. Kwa hiyo simu naiweka dirishani, waya unashuka hadi kwenye laptopu, na mimi nakaa pale waya unapofika. Simu yenyewe ni Samsung Galaxy J5 ya 2016, kioo kimepasuka pembeni, kamera ina ukungu. Niliinunua mjini kwa 70,000, muuzaji alianzia laki. Nimeshatumia na vifaa vingine, na hivi ndivyo ninavyovipanga.

1. Simu ya Android used yenye 4G

Inashinda kwa sababu ya bando. MiFi, yaani vile vifaa vidogo vya betri vinavyotiwa laini na kugawa intaneti kwa Wi-Fi, nyingi hazina pa kubonyeza menyu: bando likiisha unachomoa laini, unaitia kwenye simu, unanunua, unairudisha. Simu inajinunulia yenyewe, na meseji ya kwamba bando linakaribia kuisha unaiona hapo hapo.

Raha nyingine ni kwamba vitu vinavyoshusha bei ya simu wewe huvihitaji. Kamera mbovu, spika inayokwaruza, mfuniko uliochubuka, vyote ni silaha zako za kupunguziwa. Usilegeze kwenye 4G, betri, tundu la chaji na loki (simu kufungwa na kampuni iliyoiuza).

4G usiamini kwa sura. Galaxy S4 ya 2013 ilitoka kwa matoleo yanayofanana kama mapacha: GT-I9505 ina 4G, GT-I9500 inaishia 3G. Fungua mfuniko, toa betri, soma namba iliyo chini yake. Ukishaitoa, ilaze mezani uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba, achana nayo au dai bei ya betri mpya itolewe. Ndiyo maana napenda simu za betri ya kutoka: modemu inashinda kwenye chaji, na betri ndiyo inayoumia kwanza.

Loki ndiyo iliyoniumiza. Android ina hotspoti, yaani kugawa intaneti ya simu kwa Wi-Fi, tangu toleo la 2.2 la mwaka 2010, kwa hiyo nilidhani simu yoyote itafaa. Nikachukua moja iliyotoka ng'ambo, laini ikakubali, ikapiga vizuri. Nyumbani nawasha hotspoti, inaniambia niwasiliane na kampuni ya simu ya huko ilikotoka. Niliporudi, muuzaji akanijibu, "Bosi, si inapiga?"

Tangu siku hiyo naenda dukani na laptopu, waya wangu na laini yenye bando. Chomeka, washa kushea intaneti kwa USB, fungua ukurasa wowote, kisha tikisa waya taratibu pale kwenye tundu. Intaneti ikikatika, tundu limelegea. Fundi analibadilisha, lakini gharama hiyo ikatwe kwenye bei. Laptopu ya Windows kwa kawaida huitambua simu yenyewe. Mac huwa inagoma kwa waya na Android nyingi, hapo jaribu hotspoti. Bluetooth inafanya kazi pia, ila haifiki hata Mbps 3, iache kwa barua pepe.

Kabla hujatoa hela bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uzitume kwa SMS kwenda 15090 upate majibu kama simu ni halali. Simu feki zilizimwa nchini Juni 2016, hutaki kununua kopo. Dai risiti pia, hata kama muuzaji ni jirani.

2. MiFi

Inafaa ofisi ya watu watatu wanne wanaotumia laini moja. Uliza kama imefungwa kwa mtandao mmoja. Mtandao unaokimbia pale Majengo si lazima ndio unaopanda mlimani, na kifaa kilichofungwa hakikupi nafasi ya kubadilisha laini.

3. Ruta ya laini

Nzuri kwa duka au nyumba ambako meza haihami. Umeme ukikatika, nayo imezima, labda uinunulie betri ya akiba. Hapo bei imeshapaa.

4. Modemu ya kuchomeka

Zipo nyingi mitaani na ni rahisi, lakini nyingi ni za 3G. Huawei E173, kwa mfano, mwisho wake ni Mbps 7.2 kwenye makaratasi. Ukipewa bure, pokea.

5. Kitochi

Tuliotumia Nokia kwa kupiga *99# kutoka kwenye kompyuta tunaikumbuka kwa mapenzi. Kurasa za leo ni nzito mno kwake.

Ukishanunua, kuna jambo moja la upande wa laptopu. Windows ikiona hotspoti inadhani umefika kwenye Wi-Fi isiyo na kikomo, inaanza kushusha masasisho kimya kimya. Mimi bando la wiki liliondoka hivyo kabla sijamaliza chai. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie kwamba huu unalipiwa kwa kipimo. Hotspoti ina mpangilio wake na waya wa USB una wake, kwa hiyo rekebisha yote miwili.