Saa ya GPS: maoni ya mwenye kuivaa

Saa hizi za kufuatilia watu wenye usonji husifiwa na wazazi. Mimi ndiye mwenye mkono. Ni mtu mzima mwenye usonji, napanda basi mwenyewe kwenda kazini, na saa hii niliikubali kwa sharti kwamba mama aache kunipigia simu kila nikichelewa kidogo.

Nianze na mkanda, maana usipovumilika hayo mengine ni bure. Huu ni wa silikoni, na silikoni ikishika jasho siwezi kufikiria kitu kingine chochote. Nimeweka wa kitambaa. Wamejisifu pia kwa kifungo ambacho mvaaji hawezi kukifungua peke yake. Kwa mtoto mdogo naelewa. Mtu mzima akivalishwa kitu asichoweza kukivua, hiyo ni pingu.

Ramani ni nzuri nikiwa nje. Ndani ya jengo kubwa mawimbi ya setilaiti hayapenyi vizuri, saa inabaki kukisia kwa Wi-Fi na minara ya simu. Nimewahi kuwa kwenye kiti changu kazini huku ramani ikinionyesha ng'ambo ya mto. Mama akapiga, na simlaumu: kuzama majini ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto wenye usonji wanaoondoka bila kuaga. Nao si wachache. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta asilimia 49 ya watoto wenye usonji walishajaribu kuondoka angalau mara moja baada ya kufikisha miaka 4. Kwa mtoto wa namna hiyo, tahadhari ya kuvuka mpaka uliochorwa kwenye ramani inasaidia, ila hufika akiwa ameshavuka, tena kwa kuchelewa kwa sababu saa hutuma mahali ilipo kwa vipindi ili isimalize chaji. Komeo la mlango, masomo ya kuogelea na majirani wanaomjua bado vinahitajika.

Kuna uwezo wa mzazi kusikiliza yanayosemwa karibu na saa bila mvaaji kujua. Nimeuzima mbele ya mama. Mimi hujisemesha njiani, na maneno yale ni yangu. Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zenye uwezo huo mwaka 2017, na sioni kwa nini mtu mzima astahili faragha ndogo kuliko mtoto.

Kasoro kubwa iko kwenye kitufe cha dharura. Ukikibonyeza kinapiga simu, kisha kinangoja uongee. Nikizidiwa na kelele na watu, sauti huniishia kabisa. Wengi wenye usonji wanalijua hili. Aliyetengeneza saa kwa ajili yetu hakuuliza? Ujumbe wa maandishi uliotayarishwa mapema ungetosha. Kwa sasa natembea na kadi mfukoni: nina usonji, sijalewa, naweza nisijibu, tafadhali punguza sauti na umpigie mtu huyu. Kadi haihitaji chaji.

Mtetemo badala ya mlio, hapo wamepatia sana. Hunikumbusha kituo cha kushuka bila abiria wengine kunigeukia.

Nyota tatu kati ya tano. Kitufe kikianza kutuma maandishi, naongeza ya nne.