Niliagiza Shetani Mmoja, Nikaletewa Mwingine

Niseme mapema kabla hamjaanza kunirukia, hii ni hasira tu. Mambo ya muvi ina dakika ngapi na diski ina nini ndani katafute mwenyewe, mimi niko hapa kwa sababu ya jamaa mmoja muuza DVD aliyenijibu kwa simu, "Mkubwa, kwani shetani si ni yuleyule?"

Si yuleyule!

Kwa wasiojua. Kwenye ile muvi ya kutisha, The Exorcist ya 1973, kuna mahali wanataja kwamba yule padri mzee, Merrin, aliwahi kumtoa mtu pepo huku Afrika, kazi ikachukua miezi na nusura imuue. Basi Hollywood wakaamua kutengeneza hiyo hadithi ya kabla, na wakaiweka wapi? Turkana. Kwetu kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Merrin bado kijana kidogo, amegombana na Mungu, anachimba kanisa lililofunikwa na mchanga. Wakampa Paul Schrader aiongoze, akapiga picha zote, wenye pesa wakaangalia wakasema haitishi, wakamweka kando wakamwita Renny Harlin aanze karibu upya, na mwigizaji yuleyule, Stellan Skarsgård, akarudi kuwa padri yuleyule. Ya Harlin ikatoka 2004, Exorcist: The Beginning, ikatukanwa na kila mtu, halafu 2005 wakaitoa kabatini ile ya Schrader na kuiita Dominion. Hadithi moja, padri mmoja, muvi mbili. Mimi nilikuwa nataka ya Schrader.

Ya Harlin nilishaiona kitambo, kibanda cha video Lodwar, shilingi kumi, benchi la mbao lenye msumari umechomoza. Maandishi yalipotokea kwamba hapa ni Turkana kibanda kizima kilipasuka kwa kicheko. Ilipigwa Morocco bana! Mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza mikoma iko wapi, ile miti ya jamii ya mitende, maana ukiishi kando ya mto Turkwel huwezi kuiwaza Turkana bila mikoma. Lakini usiku ule sikulala, na choo chetu kilikuwa nje. Hilo nitalirudia.

Sasa juzijuzi, siku ya mshahara, nikaona mtu anauza DVD orijino, ameweka picha ya kava ya Dominion safi kabisa. Elfu moja mia tano, na mia mbili ya bodaboda. Nikamuuliza mara mbili, ni ya Schrader? Akasema ndiyo boss, orijino, haina mikwaruzo. Nikatuma pesa. Ikaja, kava ni yenyewe. Nikamwita mpwa wangu, tukazima taa, chai ya maziwa mkononi.

Uwanja wa vita, maiti kila mahali. Halafu kamera inapanda, misalaba imepinduliwa, watu wametundikwa kichwa chini mpaka macho yanapoishia.

Chai ilinikwama kooni. Hiyo ni ya Harlin! Ya Schrader nimeisoma sana, inaanzia Uholanzi wakati wa vita, afisa wa Kinazi anamlazimisha padri achague watu kumi wapigwe risasi. Hata dakika mbili hazijaisha najua nimechezewa. Natoa diski, naigeuza, jina limeandikwa pale pale juu, The Beginning. Yaani alikuwa na kava ya moja na diski ya nyingine akaziozesha.

Nikapiga simu. Mwanzo nilikuwa na adabu, kweli nilikuwa nayo. Nikamweleza taratibu kwamba kuna muvi mbili. Akaniuliza kama kuna padri. Nikasema kuna. Mchanga? Upo. Fisi? Wapo. Ndipo akatoa ile ya shetani ni yuleyule, na akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetafuna kitu, "Au unataka mashetani wangapi kwa elfu moja mia tano?" Nikasikia wenzake wanacheka nyuma. Pesa hairudi, hiyo ndiyo sera, yeye atanitafutia nyingine akipata.

Na haki yake nimpe, alipata. Baada ya wiki kadhaa na simu zangu nyingi ikaja ya pili, diski na kava vinapatana. Nikaiweka kwenye deki. Deki ikaimeza, ikanguruma kidogo, ikaandika kwamba diski si ya kanda hii. Hizi DVD waligawana dunia kama Berlin, diski ya Marekani ni kanda ya 1, sisi tumewekwa ya 5 pamoja na India na Urusi, kwa hiyo muvi inayohusu Turkana haikubali kucheza kwenye deki ya Mturkana. Nilicheka kwa uchungu. Nikampigia tena yule jamaa, akasema hiyo sasa ni shida ya deki yako mkubwa, akakata.

Mpwa wangu ndiye aliyeniokoa, akatafuta kwenye simu, akafungua trei, akabonyeza namba fulani kwa rimoti, ikatokea menyu ya siri, akabadilisha kanda. Dakika tatu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya deki nyingine.

Basi nikaiona. Na sasa sijui niseme nini, kwa sababu nilishajiandaa kusema hii ndiyo yenyewe ile nyingine takataka, na haikuwa hivyo. Kwanza majina. Kuna mtu anaitwa Chuma na kijana mlemavu anaitwa Cheche. Chuma na Cheche! Utadhani ni karakana ya kuchomelea mageti. Majina ya Kiturkana hayapo, hakuna Ekai hakuna Lokwang. Na huyo Cheche kachezwa na Billy Crawford, mwanamuziki wa Ufilipino. Fisi wa kompyuta ndio usiseme, wamebandikwa tu, inaonekana wazi pesa ya kumalizia haikuwepo. Mpwa wangu alilala nusu saa ya kwanza. Nilipogusa menyu kimakosa akatokea Schrader mwenyewe anaongea juu ya muvi mwanzo mwisho, nikadhani nimeuziwa ile ya DJ wa kutafsiri.

Lakini kuna pale Meja Granville, yule mkoloni, anapowakusanya wanakijiji baada ya askari wake kuuawa, anatoa bastola, anampiga risasi mwanamke mbele ya watu. Na unakumbuka ile ya Uholanzi mwanzoni. Kitendo kilekile. Merrin amesimama anaangalia na huoni shetani yeyote pale, ni mtu na bastola. Babu yangu alikuwa akisimulia alichosimuliwa na babake, jinsi jeshi la Mwingereza lilivyoingia Turkana 1918 na kuondoka na mifugo, na alikuwa anasimulia hivyohivyo bila kupaza sauti. Niliisimamisha pale nikaenda kusimama mlangoni kidogo. Hiyo ya Harlin haijawahi kunifanya hivyo.

Kwa hiyo Dominion nyota nne. Tatu, kwa sababu ya fisi. Halafu tena ukweli ni kwamba Jumamosi iliyofuata stima ilirudi usiku, watoto wakataka kutishika, na niliyoweka ni ya Harlin. Na wakatishika, na mimi pia, nikamsindikiza mtoto chooni na choo siku hizi kiko ndani. Sasa ukiniuliza ipi ni muvi nzuri nitasema ya Schrader, ukiniuliza nitaangalia ipi tena, aah, niache. Yule muuzaji yeye ni sifuri, hilo halibadiliki.

Juzi kanitumia ujumbe. Eti kuna mteja anaitafuta ile diski ya kwanza, The Beginning, nimrudishie kwa bodaboda nauli yangu. Nikamwandikia ampe Dominion, kwani shetani si ni yuleyule? Tiki mbili za bluu, kimya. Na hata angejibu, diski haitoki, iko kwa mpwa wangu na nimemwambia asimwazime mtu.